Ngoma sita, traki sita: Jinsi ya kutenganisha sauti za ala ya kompyuta

MTEJA ameketi katika studio ndogo mjini Kilifi. Wimbo wake wa harusi umekamilika na ombi alilo nalo ni dogo tu: kayamba lipunguzwe kidogo, kwa kuwa linammeza mwimbaji.

Mtayarishaji anashika kipanya na kuteremsha kidhibiti cha sauti. Ngoma zote zinashuka kwa pamoja: msondo, vumi, chapuo, upatu, njuga na kayamba lenyewe. Anakipandisha tena, na kayamba linarudi juu vilevile.

Huenda akadhani kuwa kompyuta yake imezeeka au programu ina hitilafu. Kosa, hata hivyo, lilitendeka mapema zaidi, pale sauti sita zilipopakiwa katika ala moja ya kompyuta na kuachwa zitokee mlango mmoja. Ni sawa na mpishi aliyekwisha kuunga mchuzi wa samaki kwa tui la nazi, kisha akaombwa apunguze chumvi katika kipande kimoja tu.

Kwa wanaotayarisha muziki wa Pwani, jambo hili si dogo. Muziki wa ngoma wa Wamijikenda umejengwa juu ya midundo inayosemezana. Vumi hutoa mvumo mzito ulio chini ya vyote, chapuo hudakiza kwa sauti ya juu, nalo kayamba, lililoundwa kwa matete yaliyofumwa pamoja na kutiwa mbegu ndani, hushikilia mwendo tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti hizo zikivurugwa pamoja, msikilizaji husikia kelele mahali palipostahili kuwa na mazungumzo.

Ipo njia ya kuliepuka tatizo hilo. Haihitaji fedha nyingi wala vifaa vipya. Inahitaji kuelewa namna sauti inavyosafiri ndani ya programu ya kurekodia.

Njia mbili zinazochanganywa

Ala ya kompyuta ni programu inayoigiza ala halisi. Baadhi yake hubeba sauti moja tu. Nyingine hubeba nyingi kwa wakati mmoja, na hizo ndizo huitwa ala za sehemu nyingi. Mfano unaojulikana sana ni Kontakt, iliyotolewa na kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani mwaka wa 2002, ambayo inaweza kupakiwa hadi ala 64 ndani ya dirisha moja.

Ili kuitumia vyema, sharti mtu atambue kwamba kuna njia mbili, moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea.

Njia ya kuingilia ni ya maagizo. Maagizo hayo hupitia mfumo wa MIDI, uliozinduliwa mwaka wa 1983 ili vinanda vya kampuni mbalimbali viweze kuelewana. MIDI haibebi sauti hata chembe. Hubeba amri: noti gani ipigwe, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani katika kipimo kinachofikia 127. Amri hizo hugawanywa katika chaneli 16, kila moja ikiwa na nambari yake. Toleo la pili la mfumo huo, lililoidhinishwa mwaka wa 2020, lilipanua idadi hiyo hadi chaneli 256, lakini programu nyingi bado hufuata utaratibu wa zile 16.

Njia ya kutokea ni ya sauti yenyewe. Baada ya ala kupokea amri na kuligeuza kuwa pigo la ngoma, sauti hiyo lazima itoke kuelekea kwenye miksa. Ala ya sehemu nyingi ina milango mingi ya kutokea. Aghalabu huwa miwili miwili, wa kushoto na wa kulia: mlango wa 1 na 2, wa 3 na 4, wa 5 na 6, na kuendelea.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtayarishaji huipa kila ngoma chaneli yake ya MIDI, huona mistari sita iliyopangika vizuri kwenye kioo cha kompyuta, na kuamini kuwa amekwisha kuzitenganisha. Alichotenganisha ni amri tu. Sauti zote bado zinatokea mlango wa 1 na 2, ambao ndio programu huuchagua yenyewe mtu asipoiambia vingine.

Hatua za kufuata

Tuseme mtayarishaji amerekodi ngoma sita pigo kwa pigo katika kijiji kimoja cha Kaloleni, akazipakia zote katika ala moja. Kazi yake itakuwa na hatua nne.

Kwanza, ndani ya ala, aipe kila ngoma chaneli yake ya MIDI: msondo chaneli ya 1, vumi ya 2, chapuo ya 3, kayamba ya 4, upatu ya 5 na njuga ya 6. Ngoma yoyote ikiachwa katika mpangilio wa kupokea chaneli zote, italia kila mara mwenzake anapopigwa.

Pili, akiwa bado ndani ya ala, aipe kila ngoma mlango wake wa kutokea. Msondo utoke kwa 1 na 2, vumi kwa 3 na 4, chapuo kwa 5 na 6, na hivyo hivyo hadi njuga zitokee 11 na 12. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi.

Tatu, aiambie programu ya kurekodia ifungue milango hiyo. Ala inaweza kuwa na milango 16, lakini programu ikiwa imefungua miwili tu, sauti za milango mingine hazitasikika.

Nne, aunde traki sita, yaani mistari sita ya sauti inayojitegemea kwenye miksa, kila mmoja ukipokea kutoka mlango mmoja. Kisha azipe majina. Traki iliyoandikwa 'kayamba' itamwokolea muda mwingi kuliko ile inayobaki na nambari tu.

Jaribio la kuhakikisha ni rahisi. Wimbo ukiendelea kucheza, azime traki ya kayamba peke yake. Kayamba likinyamaza na ngoma tano zikaendelea, kazi imekubali.

Kila programu na mtindo wake

Hatua hizo ni zile zile kila mahali, ila kila programu ina namna yake ya kuzitekeleza.

Katika Reaper, ala yenye milango mingi inapoingizwa kama traki mpya, programu yenyewe huuliza iwapo mtumiaji angependa iunde traki za kupokea milango hiyo. Akikubali, hatua ya tatu na ya nne hukamilika papo hapo. Programu hii hupendwa na wenye studio ndogo kwa sababu inaweza kujaribiwa kwa siku 60, na leseni yake nafuu ni dola 60 za Marekani.

Katika FL Studio, iliyoanza kwa jina la FruityLoops mwishoni mwa miaka ya 1990, mtumiaji hufungua mipangilio ya ala iliyo nyuma ya alama ya gurudumu lenye meno, kisha huiagiza programu igawe milango kwenye miksa. Amri nazo hutumwa na vifaa vidogo vya MIDI vinavyoongezwa kimoja kwa kila ngoma. Vyote hupewa nambari ya bandari inayolingana na ile ya ala. Nambari hizo zisipolingana, ngoma hazitalia.

Kwa wanaotumia Logic katika kompyuta za Apple, uamuzi hufanywa mapema. Wakati wa kuipakia ala, mtumiaji huchagua ile aina yenye milango mingi badala ya ile ya stirio ya kawaida. Baadaye hubofya alama ndogo ya kujumlisha kwenye miksa, na kila anapobofya, traki nyingine ya kupokea huongezeka. Aliyechagua aina ya stirio mwanzoni hawezi kuiona alama hiyo.

Mitego ya kuepukwa

Mtego wa kwanza ni ukimya. Ala inaonyesha kwamba inapokea amri, taa zake zinawaka, lakini hakuna kinachosikika. Mara nyingi sauti imeelekezwa kwenye mlango ambao programu haijaufungua.

Mtego wa pili ni sauti maradufu. Ngoma inasikika kwenye traki yake na wakati uo huo kwenye traki mama iliyobeba ala. Dalili yake ni kwamba sauti inakuwa kubwa kuliko kawaida, na mtu akizima traki ya ngoma hiyo, bado anaisikia. Dawa ni kuhakikisha kuwa traki mama haipeleki kwenye miksa kuu sauti ambazo tayari zina traki zao.

Mtego wa tatu ni wa mwangwi. Ala nyingi huja na mwangwi wake wa ndani. Ukiachwa ukiwaka, kila ngoma itatoka ikiwa imebeba mwangwi wake ambao hauwezi kuondolewa baadaye. Ni heri uzimwe, kisha iundwe traki moja ya mwangwi ambayo ngoma zote sita huitumia kwa viwango tofauti.

Jambo hili la mwisho lina uzito wake. Ngoma zinapopigwa uwanjani huko Rabai au Magarini, zote huwa chini ya miti ile ile na katika hewa ile ile. Zikitenganishwa studioni na kila moja ikapewa mwangwi wake, zitasikika kana kwamba wapigaji wako katika vijiji sita mbalimbali. Kwa hiyo, traki sita hazina budi kukusanywa tena katika kundi moja lenye kidhibiti chake, ili mtayarishaji aweze kuinua au kushusha kikosi kizima bila ya kuharibu uwiano wa ndani.

Je, kuna njia nyingine? Ipo. Mtu anaweza kuipakia ala mara sita, kila mara ikiwa na ngoma moja tu katika traki yake. Njia hii ni rahisi kueleweka, na kwa kompyuta mpya yenye nguvu haina ubaya wowote. Hata hivyo, katika kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ala sita zilizofunguliwa kwa pamoja zinaweza kuifanya ikwame. Ala moja yenye milango sita mara nyingi huwa nafuu zaidi.

Akiba ya kesho

Faida kubwa zaidi ya kutenganisha sauti huonekana siku kazi inapotoka nje ya studio. Anayetengeneza filamu anaweza kutaka ngoma bila mwimbaji. Mtangazaji wa redio anaweza kutaka sekunde kumi za vumi na chapuo pekee. Mwenye traki zilizotenganishwa atatoa kinachotakiwa. Mwenye faili moja ya stirio atalazimika kukataa au kuanza upya.

Kuna pia suala la umri wa kazi. Ala ya kompyuta hutegemea leseni, toleo la programu na mashine iliyopo. Miaka kumi ijayo, huenda vyote vitatu vikawa vimetoweka. Ndiyo sababu inashauriwa kila traki igeuzwe kuwa faili ya sauti ya kawaida na kuhifadhiwa mahali pawili tofauti. Wimbo wa dakika nne, uliohifadhiwa kwa stirio katika ubora wa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 69 kwa kila traki. Traki sita ni kama megabaiti 415, kiasi ambacho hata diski ndogo ya mfukoni hubeba bila taabu.

Kwa ngoma za Pwani, akiba hiyo ina maana pana zaidi. Mnamo 2009 UNESCO iliziorodhesha mila na desturi zinazofungamana na kaya za Wamijikenda miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mpigaji hodari wa chapuo anapofariki, pigo lake haliwezi kuagizwa dukani. Likiwa limerekodiwa peke yake, mwanafunzi anaweza kulisikiliza, kulipunguza mwendo na kulijifunza. Likiwa limezikwa chini ya sauti nyingine tano, ni vigumu kulifukua.

Aidha, anayekwenda vijijini kurekodi mapigo hayo hana budi kukumbuka kuwa yana wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inaitambua jamii kuwa mmiliki wa sanaa zake. Ridhaa ya wazee na wapigaji, pamoja na makubaliano ya malipo, ni mambo ya kukamilishwa kabla ya kipaza sauti kuwashwa.

Kuhusu mteja wa Kilifi na kayamba lake, bado kuna matumaini iwapo faili ya kazi haijafutwa na ala ingali ndani yake. Amri za MIDI zingali zimetengana. Kinachobaki ni kurejea ndani ya ala, kuipa kila ngoma mlango wake na kuifungulia traki, kazi ya dakika chache kwa anayejua anachokitafuta. Aliyebakiwa na faili moja ya stirio pekee hana nafasi hiyo, kwani maji yakimwagika hayazoleki.