Je, Wajua? Saa Iliyotengenezwa na Seremala

Mwaka 1713, John Harrison, kijana Mwingereza wa miaka 20 hivi, alikamilisha saa ndefu ya kusimama sakafuni. Kazi yake ilikuwa useremala, na mitambo ya saa hiyo karibu yote ni ya mbao!

Magurudumu ni ya mwaloni. Meno yake aliyachonga kufuata nyuzi za mbao ili yasivunjike.

Kwa nini saa za aina hii ni ndefu? Ndani ya kabati huning’inia pendulamu ya karibu mita 1, urefu unaoifanya ivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde 1.

Mwaka 1759 Harrison alimaliza saa ya baharini, H4, iliyowezesha mabaharia kukokotoa longitudo.