Mzigo Usioshushwa: Bima ya Afya na Upasuaji wa Kupunguza Matiti

Katika ziara zetu za robo hii ya mwaka tulikitembelea kikundi cha kina mama huko Old Moshi. Ajenda ilikuwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ulipofika wakati wa maswali, mama mmoja aliuliza kama kamati ya afya inaweza kumsaidia afanyiwe upasuaji wa kupunguza matiti. Baadhi ya waliokuwepo walicheka. Mzee mmoja wa kamati alisema kwamba fedha za kanisa si za urembo. Mama yule alijibu kwa upole: "Baba, mzigo wa majani ya ng'ombe nikifika nyumbani naushusha. Huu nalala nao."

Mama huyo ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kutaja jina. Ana kadi ya bima kupitia kazi ya mumewe, na ombi lake kwa bima hiyo lilikuwa limekwisha kukataliwa. Tunakiri kwamba siku ile hata sisi hatukuwa na jibu. Tulirudi ofisini, tukauliza wataalamu na kusoma. Makala hii ni matokeo ya kazi hiyo, kwa faida ya kamati zote za parokia na sharika, na kwa marafiki wanaotuunga mkono.

Je, hili ni tatizo la afya?

Ndiyo, kwa baadhi ya wanawake. Matiti makubwa kwa yenyewe si ugonjwa, na wengi wanaishi nayo bila shida. Lakini yapo yanayokua kupita kiasi wakati wa kubalehe, wakati wa ujauzito, au kutokana na maumbile ya ukoo na kuongezeka uzito. Hapo mwanamke hupata maumivu ya shingo, mabega na mgongo yasiyokwisha. Mikanda ya sidiria huchimba mifereji mabegani. Chini ya matiti ngozi hulowa jasho, hutoka upele na fangasi na hata vidonda, hasa kwa wanaoishi kwenye joto la tambarare. Wasichana wengine huacha michezo, na wengine huona aibu kukaa darasani.

Kwa mama wa mlimani, anayepanda na kushuka kutoka kihambani hadi shamba la chini akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, maumivu hayo yanamaanisha kazi isiyofanyika.

Upasuaji wenyewe hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Daktari huondoa mafuta, nyama na ngozi iliyozidi, kisha huinua chuchu mahali pake. Una hatari zake: kutoka damu, maambukizi, kidonda kuchelewa kupona, makovu, na kupungua kwa hisia za chuchu. Baadhi ya wanawake hushindwa kunyonyesha vizuri baadaye. Kwa hiyo anayetarajia kuzaa azungumze na daktari mapema.

Watu wengi husema, "Apunguze tu mwili." Kupunguza uzito ni kuzuri, lakini hakutoshi kwa kila mtu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha upasuaji na njia nyingine, kama sidiria maalumu, mazoezi na kupunguza uzito, ukaona kwamba upasuaji ndio uliowaondolea wanawake maumivu zaidi.

Kwa nini bima husema hapana

Mifuko ya bima kwa kawaida haigharamii upasuaji wa urembo, na sababu yake inaeleweka. Fedha za mfuko ni za wanachama wote, na zikitumika kwa mapambo ya mmoja, mwenye malaria au mwenye uchungu wa uzazi atakosa. Shida ni kwamba upasuaji huu una sura mbili. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili–Mloganzila ilipotangaza huduma za upasuaji rekebishi, gumzo mitaani lilikuwa juu ya urembo. Wachache walitambua kwamba upasuaji ule ule wa kupunguza matiti unaweza kuwa tiba.

Basi swali analojiuliza afisa wa bima ni hili: huyu anatafuta umbo, au anatafuta nafuu? Afisa hamwoni mgonjwa. Anaona karatasi tu. Tuliposoma barua ya kwanza ya mama yetu, tulikuta mstari mmoja: "Ana matiti makubwa, anaomba upasuaji." Hapakuwa na neno kuhusu maumivu, vidonda, wala miaka mitatu ya kutibiwa fangasi. Kwa barua hiyo, jibu la hapana halikutushangaza.

Nchi nyingine zimefanyaje

Huko nako mvutano huu upo. Nchini Marekani, daktari Paul Schnur na wenzake walichapisha mwaka 1991 kipimo kinacholinganisha ukubwa wa mwili wa mgonjwa na uzito wa nyama itakayoondolewa. Kipimo kilitokana na maoni ya madaktari wa upasuaji, lakini kampuni za bima zilikichukua kuwa mpaka wa kulipa au kutolipa. Mwaka 1998 nchi hiyo ilipitisha sheria kwamba bima inayolipia kuondoa titi lenye saratani ilipie pia kulirekebisha, pamoja na kulisawazisha titi la pili.

Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2018. Uliweka masharti kwamba mgonjwa awe na maumivu licha ya kuvaa sidiria iliyopimwa vizuri, awe ameonwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, uzito wake usiwe umezidi kiwango, na kiasi cha kuondolewa kifikie angalau gramu 500 kwa kila titi.

Masharti haya si sheria kwetu. Yanatufundisha jambo moja: anayeombewa tiba lazima aonyeshe madhara, tiba zilizojaribiwa, na vipimo.

Njia ya kufuata hapa kwetu

1. Anza karibu na nyumbani. Nenda zahanati au kituo cha afya, au hospitali kama Kibosho, Kilema, Machame au Marangu. Kila unapotibiwa maumivu au upele, hakikisha imeandikwa. Tunza cheti na karatasi zote.

2. Jaribu kwanza tiba nyepesi. Vaa sidiria ya kipimo chako yenye mikanda mipana, tumia dawa za ngozi, fanya mazoezi ya viungo. Haya yafanyike kwa miezi kadhaa na yaandikwe.

3. Fuata ngazi za rufaa. Anayeruka ngazi huenda akajilipia mwenyewe. Kwa mkoa wetu ngazi ya mkoa ni Mawenzi, na ya kanda ni KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.

4. Omba barua kamili ya daktari bingwa. Itaje maumivu na muda wake, hali ya ngozi na mabega, uzito na urefu, tiba zilizoshindwa, kiasi kinachotarajiwa kuondolewa, na kwa nini upasuaji ni tiba. Picha za kitabibu zipigwe hospitalini kwa ridhaa ya mgonjwa, wala zisipite mikononi mwa kamati.

5. Omba kibali kabla ya upasuaji. Bili ya upasuaji uliokwisha kufanyika bila kibali ni ngumu kulipwa.

6. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kisha jibu sababu hiyo hiyo kwa ushahidi. Kwa bima ya kampuni binafsi, ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Angalizo: uvimbe ndani ya titi, titi moja kubadilika ghafla, chuchu kutoa damu, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Hapo usisubiri kibali cha upasuaji wa kupunguza, kwani inaweza kuwa saratani.

Kazi ya kamati na ya wafadhili

Mkoa wetu si mgeni katika bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2011 wakulima wa kahawa wa KNCU walianzishiwa mpango wao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hata hivyo vitita na viwango hubadilika, kama ilivyotokea kwa kitita kipya cha Mfuko wa Taifa mwezi Machi 2024. Kamati iulize kwanza ofisi ya bima husika kabla ya kumwahidi mtu chochote.

Kamati haiwezi kulipia kila upasuaji, wala hatuwaombi wafadhili wafanye hivyo. Inaweza kusaidia yale ambayo bima haigusi: nauli ya kwenda kliniki, sidiria inayofaa, chakula cha anayemuuguza, na mtu wa kuchunga ng'ombe wiki za kupona. Zaidi ya hayo, kamati iwe na angalau kina mama wawili wanaopokea maombi ya namna hii faraghani, ili mwingine asichekwe mbele ya kikundi.

Mama yetu amekwisha kuonana na daktari bingwa, na barua ya pili ina kurasa mbili. Mzee aliyesema habari ya urembo ndiye aliyetoa nauli yake. Hadi tunakwenda mitamboni jibu la bima lilikuwa halijatoka. Tutawaarifu katika toleo lijalo, liwe la ndiyo au la hapana.