Shahada ya uuguzi katika vyuo vikuu binafsi vya Tanzania

Shahada ya uuguzi ni shahada ya kwanza inayomwandaa muuguzi na mkunga kutoa huduma kwa wagonjwa, kusimamia wodi, kufundisha na kufanya utafiti. Nchini Tanzania inatolewa na vyuo vikuu vya umma, kama vile Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Chuo Kikuu cha Dodoma, na pia na vyuo vikuu binafsi, ambavyo vingi ni vya madhehebu ya dini au vya taasisi zisizo za serikali.

Kuna njia mbili za kuingia: moja kwa moja baada ya kidato cha sita, au kupitia stashahada ya uuguzi. Kwa vijana wa maeneo ya mashambani, kama kata ya Idodi mkoani Iringa, mara nyingi njia ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi.

Vyuo vinavyotoa shahada hii

Chuo Kikuu cha Kairuki kiko Mikocheni, Dar es Salaam. Kilianzishwa mwaka 1997 na daktari Hubert Kairuki, na kwa miaka mingi kilijulikana kama Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki. Ni kati ya vyuo vikuu binafsi vya kwanza nchini.

Chuo cha tiba cha KCMC, mjini Moshi, kilianza mwaka 1997 chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kando ya hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Mwanza, kilianza mwaka 2003 katika Hospitali ya Bugando.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, ni cha Kanisa Anglikana na kilifunguliwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo.

Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kimejulikana hasa kwa kuwaendeleza wauguzi wenye stashahada ambao wanasoma bila kuacha kazi.

Njia ya kidato cha sita

Sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa kawaida mwombaji anatakiwa awe amefaulu kwa kiwango cha "principal" masomo matatu: Kemia, Baiolojia, na mojawapo kati ya Fizikia, Hisabati ya juu au Lishe, akiwa na jumla ya pointi zisizopungua 6. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hivyo anayepata C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia anafikisha pointi 6 kamili.

Uchaguzi wa tahasusi una uzito mkubwa. Tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) inakidhi masharti hayo. Katika CBG somo la tatu ni Jiografia, ambayo haimo kati ya masomo yaliyotajwa hapo juu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayelenga uuguzi anapaswa kusoma mwongozo tangu anapomaliza kidato cha nne, si baada ya matokeo ya kidato cha sita.

Masomo huchukua miaka minne. Wanafunzi hujifunza anatomia, fiziolojia, famakolojia, uuguzi wa magonjwa mbalimbali, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii na uongozi. Sehemu kubwa ya muda ni mafunzo ya vitendo katika hospitali na vituo vya afya. Baada ya masomo mhitimu hufanya utarajali wa mwaka mmoja.

Njia ya stashahada

Stashahada ya uuguzi na ukunga husomwa kwa miaka mitatu katika vyuo vilivyosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Mwombaji huingia kwa cheti cha kidato cha nne, akiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia.

Mwenye stashahada anaweza kuajiriwa, na baadaye kuomba shahada. Kwa kawaida chuo kikuu hudai wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na vyeti vyake vya kidato cha nne huangaliwa tena. Anayefanya kazi serikalini anahitaji ruhusa ya mwajiri kabla ya kwenda masomoni. Muda wa masomo kwa wanaojiendeleza hutofautiana kati ya chuo na chuo.

Mfano wa Idodi

Idodi ni kata ya Wilaya ya Iringa Vijijini, kando ya barabara inayotoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wakazi wengi hutegemea kilimo na ufugaji. Vyuo vikuu vilivyotajwa hapo juu viko nje ya mkoa. Hata kilicho Dodoma kinahitaji safari ya zaidi ya kilomita 250 kutoka Iringa mjini. Mzazi anapaswa kufikiria ada, malazi, chakula, sare, bima ya afya na nauli kwa miaka minne.

Vyuo vya stashahada viko karibu zaidi. Kimoja kiko Tosamaganga, penye misheni ya kale ya Kanisa Katoliki karibu na Iringa mjini. Kingine ni cha Walutheri kilichoko Ilula, wilayani Kilolo. Kijana wa Idodi aliyefaulu vizuri sayansi kidato cha nne anaweza kuanzia huko, akapata kazi, kisha akajilipia sehemu ya shahada. Hasara ya njia hii ni muda: miaka ya stashahada na ya kazi huongezeka kabla ya shahada kupatikana. Faida yake ni kwamba akikwama kifedha katikati, tayari ana taaluma mkononi.

Gharama na mikopo

Vyuo binafsi hutegemea zaidi ada, hivyo kwa kawaida gharama huwa juu kuliko za vyuo vya umma. Hata hivyo wanafunzi wake wanaruhusiwa kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hutolewa kwa kuzingatia uhitaji na si lazima ulipie gharama zote. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 bodi hiyo hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya.

Ithibati na usajili

Cheti cha shahada pekee hakimruhusu mtu kufanya kazi ya uuguzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, lazima asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ni muhimu kuhakikisha mambo mawili: kwamba chuo na programu yenyewe vinatambuliwa na TCU, na kwamba baraza hilo linaikubali programu hiyo. Anayesoma programu isiyotambuliwa anaweza kumaliza miaka yote bila kupata leseni.