Ngozi Inapochanika Wodini: Kinga na Tiba

Plasta iliyoshikilia kanula inabanduliwa mkononi mwa mgonjwa wa miaka 80, na ngozi inabanduka pamoja nayo. Huo ndio mchaniko wa ngozi. Haufanani na kidonda cha mgandamizo, ambacho husababishwa na kulalia sehemu moja kwa muda mrefu. Mchaniko hutokea mara moja, kwa msuguano, mvuto au kugongwa, aghalabu kwenye vigasha na miundi.

Ujanani, tabaka la juu la ngozi hushikana na la chini kwa mikunjo inayoingiliana. Uzeeni mikunjo hiyo husawazika, kolajeni hupungua na mafuta ya chini ya ngozi hukonda, hata mvuto mdogo ukatosha kuyatenganisha matabaka hayo. Wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu na watoto njiti wamo pia hatarini.

Mchaniko ukitokea, damu huzuiwa kwa kukandamiza taratibu kwa shashi safi na kuinua kiungo. Jeraha husafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali; spiriti haifai, kwani huunguza chembe hai. Kisha kipande cha ngozi kilichokunjamana hurudishwa mahali pake kwa kidole kilichovaa glavu yenye unyevu. Kikiwa kimekauka, hufunikwa kwa shashi iliyoloweshwa kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaribu tena. Kukikata kipande kilicho hai ni kosa la kusikitisha, na bado hufanyika: hakuna kifuniko cha dukani kinachokishinda.

Baada ya hapo ndipo jeraha hupangwa katika aina yake: ya kwanza, ngozi yote ipo na imefunika jeraha, ya pili, sehemu yake imepotea, ya tatu, kipande chote kimepotea. Hufunikwa kwa kitambaa kisichonata, kama kile cha silikoni, na kufungwa kwa bandeji isiyobana. Mshale mdogo huchorwa juu yake kuonyesha upande wa kukibandulia, ili muuguzi wa zamu nyingine asiivute ngozi kinyume. Kinga dhidi ya pepopunda nayo huulizwa.

Kuhusu kinga, jambo rahisi limeonyesha faida kubwa. Utafiti uliofanyika katika makao 14 ya wazee huko Australia Magharibi, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kupaka losheni mikononi na miguuni mara mbili kwa siku kulipunguza michaniko kwa karibu nusu. Kazi hiyo ndugu wa mgonjwa anaiweza kabisa, mradi apake kwa kufuata malaika na bila kusugua kwa nguvu. Dodoki libaki nyumbani.

Mgonjwa asiyejiweza hageuzwi kwa kuvutwa mikono. Watu wawili humwinua kwa shuka iliyotandikwa chini yake. Kucha za anayehudumia ziwe fupi, pete zivuliwe, na reli za kitanda zifunikwe kwa kitu laini. Plasta hubanduliwa polepole, ikikunjwa sambamba na ngozi huku kidole kikishikilia ngozi iliyo nyuma yake. Inapowezekana, bandeji itumike badala yake. Jeraha likianza kutoa usaha au harufu, au maumivu na joto vikizidi, muuguzi aarifiwe siku hiyohiyo. Wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, hivyo joto hupimwa kwa mgongo wa kiganja.