Mbolea ya Maji Kutoka Uani, Bila Kuwanyima Nyuki Chakula



Bei ya mbolea ya dukani ikipanda, sukuma wiki hugeuka njano na watoto hukosa mboga. Lakini hapa magharibi mwa Kenya mbolea nyingine inamea yenyewe kando ya njia. Ni tithonia, ile ya maua ya manjano ambayo Waluo huiita maua makech na Waluhya amalulu. Majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, tena huoza upesi.

Namna ya kutengeneza

1. Katakata majani na vitawi laini. Vijiti vigumu viache, huchelewa kuoza.

2. Jaza theluthi moja ya pipa, kisha ongeza maji. Bakiza nafasi ya kukoroga.

3. Funika na uweke jiwe juu. Pipa likiwa wazi mbu watazaana humo, na mtoto anaweza kutumbukia. Vyura nao wataingia washindwe kutoka, na hao ni askari wetu: usiku hula wadudu wa mboga.

4. Koroga kila baada ya siku mbili. Itanuka, usishtuke. Baada ya wiki mbili hivi harufu hupungua, na mbolea iko tayari.

5. Chuja. Kopo moja la mbolea, makopo mawili ya maji. Mwaga kwenye shina, sio juu ya majani, mara moja kwa wiki. Makapi yatandaze kati ya mistari, nyungunyungu watayamaliza.

Nyuki wasisahauliwe

Wengine hufyeka ua wote kwa siku moja. Hiyo ni hasara, kwa maana maua ya tithonia hulisha nyuki. Malenge lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Nyuki asipobeba chavua, kile kilenge kidogo hunyauka na kuanguka. Basi kata upande mmoja, na mwingine uache uchanue. Ule uliokatwa ukichipua, badilisha.

Tena tusidanganyane: pipa moja linafaa bustani ya mboga, si ekari ya mahindi. Mahindi bado yanahitaji samadi au mboji ya kutosha.

Mjadiliane kikundini: Ni ua upi tutakata mwezi huu, na upi tutawaachia nyuki?