Moshi, Ukungu na Mafusho Ndani ya Ndege

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto, na kwa muda mrefu methali hiyo imetutosha jikoni na shambani. Ndani ya ndege iliyo angani haitoshi. Tulipokuwa tukitafsiri mwongozo wa wahudumu wa ndege, katika rasimu ya kwanza tuliandika neno moshi kila mahali palipotajwa kitu cheupe, cheusi au chenye harufu kilichoingia katika chumba cha abiria. Mhudumu mmoja aliyeisoma rasimu hiyo alitueleza kwamba tulikuwa tumechanganya mambo matatu, na kila moja lina hatua zake.

La kwanza ni jepesi. Abiria wanaopanda ndege Mombasa au Dar es Salaam, siku za joto na unyevu, huenda wakaona kitu cheupe kikitiririka kutoka matundu yaliyo juu ya viti. Hiyo ni hewa baridi ya mitambo, ambayo ikikutana na hewa ya pwani hufanya matone madogo sana ya maji. Hayana harufu, nayo hutoweka upesi. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni ukungu.

Moshi wenyewe tumeuachia maana yake ya asili, yaani zao la kitu kinachoungua. Hapa neno lisipunguzwe makali. Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya shirika la Saudia, iliyokuwa imeondoka Riyadh kwenda Jeddah, iliwaka moto sehemu ya nyuma. Rubani aliirudisha Riyadh na kuitua, lakini milango haikufunguliwa mapema, na watu wote 301 waliokuwamo wakafa. Tarehe 2 Juni 1983 moto ulizuka katika choo cha ndege ya Air Canada. Ilipotua karibu na Cincinnati, Marekani, watu 23 kati ya 46 hawakuwahi kutoka. Moshi hupanda na kutanda darini kwanza, na hewa ya kuvutika hubaki chini kwa muda mfupi tu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1984 Marekani iliagiza taa za kuonyesha njia ziwekwe karibu na sakafu. Kwa sababu hiyo pia tumefuta katika tafsiri yetu maneno "jihadharini na moshi", tukaandika "inameni, fuateni taa za chini". Kitenzi kujihadhari humwachia msikilizaji kazi ya kufikiri, na muda huo hana.

Lililotusumbua ni la tatu. Katika ndege nyingi za jeti, hewa wanayovuta abiria hutolewa katika injini, kwenye sehemu inayoshindilia hewa kabla ya mafuta kuchomwa. Kizibo kikivuja, mafuta ya kulainishia mitambo hupata joto kali na chembe zake huingia pamoja na hewa hiyo. Hakuna moto, pengine hata macho hayaoni kitu, ila pua hupata harufu inayofananishwa na ya soksi chafu. (Boeing 787, zilizoanza kutumiwa na Kenya mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2018, huvuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje.) Wataalamu wangali wanabishana kuhusu kiasi cha madhara yake kwa afya, lakini marubani hufunzwa kuvaa barakoa zao za oksijeni mara moja.

Tuliliitaje jambo hilo? Mvuke ni wa birika na wa sufuria ya wali. Harufu hutaja dalili tu, na kaboni monoksidi, ambayo ni sumu, haina harufu kabisa. Hewa chafu ingezua kicheko katika viti vya nyuma, na msomaji anajua kwa nini. Fukizo lilikaribia, ila ubani na udi vimelitia manukato. Tukabaki na mafusho, kutokana na kitenzi fuka, kilichozaa pia fukiza. Ni kweli kwamba mganga naye ana mafusho yake, ambayo mgonjwa huyavuta kwa hiari ili apone. Lakini mafusho ya magari na ya viwandani yamekwisha kuzoeleka, na maana ya kudhuru imeota mizizi.

Tofauti hii ina kazi. Barakoa zinazowadondokea abiria huchanganya oksijeni na hewa ya chumbani, kwa hiyo haziwakingi na moshi wala mafusho. Zimewekwa kwa ajili ya upungufu wa hewa. Mhudumu anayempigia rubani simu aseme "mafusho yameingia, moto hatuuoni", au "moshi unatoka chooni". Rubani hachukui hatua zilezile kwa taarifa hizo mbili.

Mafundi wa viwanja vya ndege na mabaharia wa vyumba vya injini huenda wana neno zuri zaidi kuliko mafusho. Tunawaomba watuandikie kabla orodha haijapigwa chapa.