Gitaa la Kwanza: Kinachowafanya Wengi Waache

Bonasi ya majani chai ikishalipwa, wapo vijana wanaonunua gitaa. Miezi michache baadaye si ajabu kulikuta limetundikwa ukutani, na mwenyewe akikwambia hana kipaji. Mara nyingi kipaji hakina kosa. Gitaa lilikuwa gumu kubonyeza au nyuzi zake hazikuwahi kuwekwa sawa, na kwa chombo cha namna hiyo hata fundi wa muziki angechoka.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, hasa ukinunua la mitumba, likague. Lishike kama bunduki, utazame shingo kuanzia kichwani kwenda chini. Ikiwa imepinda kama upinde, liache. Kisha hesabu vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kukatiza shingo hadi ufike cha 12. Hapo pima nafasi kati ya chuma na uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zinatosha, yaani kama unene wa njiti moja ya kiberiti au zaidi kidogo. Ikiwa kidole chako cha mwisho kinapita hapo chini, gitaa hilo litakutesa. Fundi anaweza kulishusha kwa kusugua kidogo kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa tumboni. Usikisugue mwenyewe, kwa sababu kikizidi kupungua hakirudi.

Mwanzo mwepesi ni gitaa la nyuzi za nailoni. Hizo ni laini kwa vidole. Lakini gitaa lililotengenezewa nailoni lisifungwe nyuzi za chuma hata kama dukani ndizo zilizopo. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi, na ubao unaoshikilia nyuzi unaweza kung'oka.

Kuweka nyuzi sawa ndiyo kazi ya kwanza kila unapolishika, si mara moja kwa wiki. Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, sauti ni E, A, D, G, B na E. Simu ina programu za bure zinazosikiliza uzi na kukuonyesha kama uko juu au chini. Kaza polepole ukitoka chini kupanda. Uzi mwembamba hukatika zaidi mikononi mwa wanaoanza, kwa kuwa wameipita sauti yake wakaendelea kukaza. Nyuzi mpya hulegea kwa siku kadhaa, na hilo si kasoro.

Baada ya hapo vidole vitauma. Mchumaji wa chai atadhani amejiandaa, lakini ngozi iliyokomaa kwa kuchuma majani mawili na chipukizi iko kwenye kidole gumba na cha shahada, ilhali gitaa linataka ncha za vidole vinne vya mkono wa kushoto. Maumivu hupungua baada ya wiki 3 au 4 ikiwa unapiga kidogo kila siku. Dakika 15 kwa siku zina faida kuliko saa mbili za Jumapili. Mvua zetu za alasiri zinafaa kwa hilo, majani yakishafika kituoni. Bonyeza uzi karibu kabisa na chuma, si katikati ya viwili, na utaona unahitaji nguvu ndogo kuliko ulivyodhani.

Jifunze kodi tatu kwanza (si zile za kaunti; hizi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja): A, D na E. Nyimbo nyingi sana za kanisani na za redioni zinaweza kuchezwa kwa hizo tatu. Shida haiko katika kuzishika, iko katika kuhama. Weka saa ya simu dakika moja, uhame kutoka A kwenda D na kurudi, ukihesabu. Ukifikisha mara 30 bila kutazama vidole, ingiza E. Wakati huo mkono wa kulia usisimame hata kidole kikikosea, kwa sababu msikilizaji husamehe sauti mbovu upesi kuliko mdundo uliokatika.

Wimbo wa kwanza usiwe mgeni kwako. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, na moja iliyorekodiwa Kapkatet, Chemirocha, ikaja kujulikana mbali. Iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, wakifuatwa na chepkong, chombo chetu cha nyuzi. Jina la wimbo limetokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimba na gitaa akafariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa kwa jamii. Wasichana wale hawakuwa na kitabu wala mwalimu wa kigeni. Walisikia, wakachukua walichokipenda, wakakiweka katika muziki waliokwisha kuujua. Fanya hivyo kinyumenyume: chukua wimbo uliokulia nao, uutafute kwenye uzi mmoja, sauti moja moja, ukiuimba. Sikio likiujua tayari, kidole kikikosea utasikia mara moja bila kuambiwa.

Unyevu wetu ni adui wa gitaa. Usilitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa, wala jikoni penye moshi, wala lisilale karibu na jiko. Utomvu wa chai na jasho huozesha nyuzi za chuma, basi nawa mikono kabla ya kupiga, na upanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu ukimaliza. Nyuzi zikipata kutu zibadilishe zote sita pamoja. Ukibadilisha mmoja tu, utapiga kelele kuliko wenzake.

Wanaoishi nyumba za kambi au vyumba vya kupanga wanaweza kufanya mazoezi usiku bila kugombana na jirani: pitisha kitambaa chini ya nyuzi karibu na zinapoishia tumboni. Sauti itapungua sana, na vidole vitajifunza vilevile.